Niliyepewa Ruhusa ya Kufuta

Kwenye msiba wa Mama Sikitu, pale Makanyagio, tulikuwa nyuma ya nyumba tunachagua mchele, na mama mmoja ambaye sikumfahamu akasema marehemu alikuwa mpiga chapa hodari kuliko wote Mpanda hii, ila kompyuta ndiyo ilimponza. Mwingine akadakia, "Wala si kompyuta. Kuna binti alikuwa anaishi naye humu humu ndani, ndiye aliyemtoa kazini." Nikaendelea kutoa mawe kwenye ungo. Kusema binti huyo ni mimi mbele ya masufuria ya msiba kungekuwa kumgeuza marehemu awe kesi yangu. Lakini neno lile nilirudi nalo nyumbani na halijanitoka. Elimu yangu ni darasa la saba na kozi ya kompyuta ya Tabora, na najua wapo watu wanaoandika maisha yao yakapendeza. Mimi nimezoea kuandika kwenye daftari jioni mambo madogo madogo: mvua imenyesha, tumekula nini, nani kaniitikia kwa kununa. Nitajaribu kuuandika mwaka ule wa tisini na nane, na nitajitahidi kila mtu apate haki yake, hata yule mama wa kwenye ungo, kwa sababu alichosema si uongo wote.

Ofisi yetu ilikuwa ya mradi wa visima, kwenye nyumba ya zamani si mbali na stesheni ya treni. Vyumba vilikuwa vimegawanywa kwa silingibodi, kwa hiyo mtu akikohoa kwa meneja, sisi wa masijala tunamwambia pole. Tulikuwa na kompyuta tatu zilizounganishwa kwa waya uliopita ukutani, umeshikizwa kwa misumari ile ile iliyoshika kalenda. Iliyokuwa chumbani kwa meneja, Bwana Kiondo, ndiyo tuliyoiita mashine mama, na ndani yake kulikuwa na folda moja ya watu wote, jina lake Pamoja. Ulichoandika unakiweka humo, na mwenzako akifungua kwenye mashine yake anakikuta. Leo mtoto wa shule atacheka, lakini sisi tuliona ni jambo la ajabu kwamba Kaka Bosco, mpima maji wetu, anaandika chumbani kwake na mimi nasoma kwangu bila yeye kuinuka kwenye kiti. Jenereta likizimwa, vyote vinalala. Likiwashwa asubuhi, mtu wa kwanza kuingia anafungua Pamoja kuangalia kama vitu vyake bado vipo.

Na mara nyingi havikuwepo. Mashine mama ilikuwa na nafasi ndogo, ikijaa inagoma, na aliyekuta imegoma alifuta cha kwanza alichokiona kisicho chake. Dereva alifuta ratiba ya mafuta akidhani ni ya mwaka jana. Bwana Kiondo mwenyewe, namtaja kwa sababu alikiri mbele yetu, alifuta michoro ya Bosco ya barabara nzima ya Inyonga. Bosco alisimama mlangoni kwa meneja na buti zake za tope, akasema taratibu, "Bosi, ile ilikuwa miezi yangu." Alikuwa mtu wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa hapa hapa, na hakuwa na tabia ya kupaza sauti. Nafikiri ile sauti ya chini ndiyo iliyomuumiza Bwana Kiondo. Akamwita fundi wa kompyuta kutoka Tabora, na fundi akaweka utaratibu mpya: watu wote wataweza kufungua na kuandika ndani ya Pamoja, lakini kufuta ni wawili tu, meneja na mimi.

Kwa nini mimi? Nimejiuliza sana. Nilikuwa mdogo kuliko wote ofisini. Bwana Kiondo alisema ni kwa sababu ya ile kozi ya Tabora, na huenda ni kweli. Lakini mpiga chapa mkuu alikuwa Mama Sikitu. Ndiye aliyenipokea nilipofika Mpanda, akanipa chumba cha uani nyumbani kwake, akanifundisha kuandika bila kuangalia vidole kwa kunifunika mikono na kanga yake. Siku fundi alipotangaza utaratibu ule, Mama Sikitu alikuwa anachonga penseli. Hakuinua macho. "Kwa hiyo mimi nikitaka kufuta barua yangu mwenyewe niliyoiandika kwa mkono wangu, namwomba Leokadia?"

"Utamwambia tu, Mama," fundi akasema. "Si kuomba."

"Haya. Nitamwambia."

Tangu siku ile dereva aliniita Bi Ufutio. "Bi Ufutio, shikamoo," anasema akipita dirishani, mtu mzima yule, "naomba unifutie madhambi." Tulicheka. Mama Sikitu naye alicheka, lakini hakuwahi kunijia hata mara moja aniombe nimfutie kitu. Nilidhani ni kiburi. Nyumbani hakubadilika. Alisonga ugali, akatoa migebuka, samaki wakavu wa Karema walioungwa kwa karanga, na mvua zilipoanza tukala uyoga wa porini ambao wakulima wa tumbaku walileta sokoni kwenye majani mapana. Tulikula wawili mezani, taa ya chemli katikati, na yeye ndiye aliyeongea. Nikiyasoma madaftari yangu ya mwaka ule naona nimeandika zaidi kuhusu ule uyoga kuliko kuhusu ofisi. Inaonyesha nilikuwa na raha kiasi gani, au nilikuwa mjinga kiasi gani.

Mvua za mwaka ule wenyeji wanazikumbuka. Maji yalikula tuta la reli upande wa Kaliua, treni ikakatika, na Mpanda tukabaki kama tumefungiwa ndani. Chumvi ikapanda bei, barua hazikuja. Ndipo asubuhi moja Bwana Kiondo akaniita chumbani kwake, Bosco akiwa tayari amekaa, akafunga mlango. Kwenye kioo cha mashine mama kulikuwa na jina la taarifa ya Bosco ya kupima maji. Chini ya jina hapakuwa na kitu. Ukurasa mweupe. Akafungua nyingine, nyeupe. Akafungua ya tatu.

Taarifa zile zilikuwa za visima vibaya. Bosco alikuwa amepima visima vya vijiji vya njia ya Inyonga akakuta baadhi havifai kunywewa, na Bwana Kiondo aliamuru ziandikwe kwa siri, vijiji visije vikataharuki kabla hatujaenda kung'oa mipini ya pampu. Nakala ilitolewa moja, ikafungwa kwenye bahasha pamoja na karatasi za Bosco za porini, ikapelekwa Dar es Salaam kwa treni. Ilikuwa treni ya mwisho kabla ya reli kukatika, na bahasha ile hakuna aliyejua imelala wapi. Gari la kwenda kufunga visima lilikuwa liondoke wiki ile.

"Bosco, huvikumbuki?" Bwana Kiondo aliuliza.

"Vijiji navikumbuka, bosi. Visima ndiyo vinanichanganya. Kijiji kimoja kina vitatu. Nikikosea nafunga kizuri, naacha kibaya."

Bwana Kiondo akanigeukia. "Wenye ruhusa ya kufuta ni wawili. Mimi sijafuta. Leokadia?"

Nikasema sijafuta. Nilisikia sauti yangu inatoka kama ya mtu aliyefuta. Akaniambia hataki maneno nje ya chumba kile, kwa kuwa taarifa zenyewe ni za siri. Reli inatengenezwa, treni ya kwanza ikija inakuja na fundi, na mashine itasema yenyewe. "Makao makuu wameshaniuliza kwa redio," akasema. "Kuna mtu ataondoka kwa hili. Nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa." Nataka kuwa mkweli kwake: hakunitisha. Alikuwa na macho ya mtu ambaye naye anaweza kuwa ndiye wa kuondoka.

Siku za kusubiri treni ndizo mbaya kuliko zote nilizowahi kuishi katika kazi. Ofisini kila mtu alijua kuna kitu kimepotea, na wengi walikisia tu ni nini. Nilisikia kupitia silingibodi dereva akimwambia mlinzi, "Mimi nasema ni huyu wa Katumba. Watu wale hawaaminiki, kafuta mwenyewe apate posho ya kupima tena." Mlinzi akamjibu, "Wewe uliyefuta ratiba ya mafuta ndiyo unaaminika?" Bosco alikuwa chumbani kwake, karibu na ukuta ule ule kuliko mimi. Aliendelea kupanga chupa zake za sampuli, moja moja. Nilitaka kwenda kumwambia kitu, sikwenda. Niliogopa atadhani najipendekeza, kwa sababu kwa hesabu za kawaida mwizi wake nilikuwa mimi.

Nilichofanya ni kufungua kila kilichokuwemo ndani ya Pamoja, kimoja baada ya kingine. Barua za kuomba vipuri zilikuwepo nzima. Ratiba zilikuwepo. Zilizokuwa nyeupe zilikuwa chache, taarifa za maji na barua mbili tatu za meneja kuhusu watumishi, na zote majina yake yalianza na neno moja: SIRI. Nikakaa nimeshika ukingo wa meza. Aliyefanya hivi hakufuta. Alifungua, akaondoa maneno yote ndani, akaweka tena. Kwa hilo huhitaji ruhusa ya kufuta, unahitaji ya kuandika tu, na hiyo tulikuwa nayo wote. Nilifurahi nusu dakika. Kisha nikaanza kujiuliza ni nani, na kichwa changu kikakataa kwenda mahali kilipokuwa kinaelekea.

Jioni ile tulikula kisamvu. Mama Sikitu alikuwa anahadithia enzi zake za ofisi ya wilaya, hadithi nilizozisikia mara nyingi, za ile mashine ya kudurufu iliyokuwa inampaka wino mpaka kwenye nyusi. Akasema siku hizi hakuna kazi ya siri, watu wanaacha mambo yananing'inia. "Sisi ukishapiga stensili ya siri, ukishatoa kopi, afisa anasimama hapa, wewe unasimama hapa, debe katikati. Unawasha kiberiti mwenyewe. Stensili inaungua mbele ya macho yake, ndiyo unakwenda nyumbani. Mpiga chapa aliyelala na stensili ya siri mezani, kesho hana kazi. Nilimwona mwenzangu mmoja kwa macho haya, alilia mpaka akatia huruma."

Nikauliza, sijui kwa nini niliuliza kwa sauti ya mzaha, "Na za kompyuta, Mama? Utazichomaje?"

"Hizo nazo nazishughulikia."

"Vipi?"

"Si mlininyima kufuta nyie? Basi nikishatoa kopi, bosi akishatia muhuri, nafungua, nasafisha ndani, nafunga. Linabaki ganda. Ganda lina siri gani?" Akachukua tonge. Alikuwa anajivunia. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayefanya kazi ambayo wengine wameisahau na haombi ashukuriwe.

Mimi nikaacha kula. Namuona hata leo anavyoniangalia mkono, kisha uso. Nikamwambia, "Mama, hizo ndizo zinazotafutwa."

"Zipi?"

"Za maji. Zilizopotea ofisini. Hazikufutwa. Zimesafishwa ndani."

Nje mvua ilikuwa inapiga bati na jirani alikuwa anaita kuku wake. "Lakini kopi ilitoka," akasema. "Niliitoa mwenyewe. Ilitiwa muhuri."

"Kopi iko kwenye treni, Mama. Hawajui iko wapi."

"Kopi ilitoka," akarudia, na safari hii ilikuwa kama anamwambia yule afisa wake wa zamani, si mimi. Halafu akaniuliza, "Wanasema ni nani?"

"Wanasema Bosco. Bwana Kiondo anafikiri ni mimi."

Akafunika kisamvu kwa sahani. "Wewe usiseme kitu. Nitasema mwenyewe."

Hapa ndipo sijui niandike nini. Ningependa kusema nilimwamini. Ukweli ni kwamba asubuhi hatukuongozana kwenda kazini, na siku hiyo hakusema. Siku iliyofuata hakusema. Alikaa kwenye kiti chake anaandika barua za vipuri, na mimi nilihesabu kila mara alipoinuka. Nilimchukia kidogo, na nilijichukia kwa kumchukia, maana mimi nilikuwa na umri wa kutafuta kazi nyingine na yeye alikuwa na watoto wa marehemu dada yake wanasoma. Jioni tulikula. Aliniwekea nyama ya paja kwenye sahani yangu, kuku aliyemchinja bila sababu, na sikujua kama ni pole, au ombi, au ni kuku tu. Kumsema ningeweza. Maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni, nimeyapanga. Lakini nilikuwa nayasogeza, nasema asubuhi, nasema mchana.

Kisha tukasikia honi ya treni. Mji mzima ulisikia. Watu waliacha meza zao sokoni wakakimbilia stesheni kana kwamba wanapokea mwali. Mimi na Mama Sikitu tulikuwa masijala. Yeye akavaa kiatu alichokuwa amekivua chini ya meza, akafunga vizuri kitambaa cha kichwa, akaenda kugonga kwa Bwana Kiondo. Fundi hata stesheni alikuwa hajatoka. Kwa hiyo yule atakayesema Mama Sikitu alingoja mpaka mashine imtaje, hasemi kweli. Na atakayesema alikwenda siku ile ile alipojua, naye hasemi kweli. Alikwenda saa aliyokwenda.

Mlango ulifungwa lakini silingibodi ni silingibodi.

"Nani alikutuma?" nilimsikia Bwana Kiondo.

"Hakuna aliyenituma. Imeandikwa siri. Siri haibaki mezani."

"Mama Sikitu, hii si meza. Hii ni kabati!"

"Kabati ambalo dereva ana ufunguo wake, bosi? Dereva anaifungua ile folda. Mlinzi akija kuomba kusoma tangazo anaifungua. Mimi nikiacha humo majina ya visima vibaya, umeniajiri wa nini?"

Sisi tulijifunza nani asifute, na hakuna aliyefikiria nani asifungue. Fundi alipokuja alikaa nusu siku, akatoka anapangusa mikono kama aliyekuwa anatengeneza baiskeli, akasema maneno yameandikwa juu yake na weupe, hayarudi. Bahasha ilikuwa bado haijaonekana, kwa hiyo Bosco alifunga chupa zake kwenye sanduku nyuma ya baiskeli akaondoka kwenda kupima upya, kwenye tope lile, kijiji hadi kijiji. Kabla ya kuondoka alimpitia Mama Sikitu mezani. Nilitegemea neno kali. Alisema, "Mama, ungeniambia tu. Ningekuwa nimeandika kwenye mkono." Mama Sikitu akamwambia asinywe maji ya huko. Bosco akacheka, akasema hiyo ndiyo kazi yake.

Uamuzi ulitoka kwa redio kutoka makao makuu. Bwana Kiondo alimtetea, nilisikia, alitaja miaka yake ya kazi na hakuacha kitu. Waliokuwa Dar es Salaam hawakuijua sura yake, walijua kuna data zimeharibiwa na kuna mtu amekiri. Mama Sikitu akapewa barua, akaikunja, akaiweka kwenye pochi bila kuisoma mbele ya watu. Alipotoka nje na kapu lake, Bwana Kiondo aliniita. Hakuniangalia. "Fundi anasema jina lake litolewe kwenye mashine," akasema. "Asiweze kuingia tena. Wewe ndiye mwenye ruhusa."

"Na wewe unayo, Bwana Kiondo," nikasema.

"Ninayo." Akachukua kofia akatoka kwenda kuangalia jenereta, ambalo halikuwa na tatizo.

Nikakaa kwenye kiti chake. Majina yetu yalikuwa yamepangwa moja chini ya lingine, nikaliwekea alama la kwake. Mashine ikaniuliza kwa Kiingereza chake kama nina hakika. Ilikuwa inauliza hivyo kwa kila kitu, kwa ratiba ya mafuta, kwa tangazo la mkutano, na mimi nilizoea kubonyeza bila kusoma. Siku ile nilisoma. Ningeweza kukataa, nafikiri. Fundi angelitoa yeye kabla ya kurudi Tabora, na Mama Sikitu asingepata faida yoyote, ila mimi ningekuwa na kitu cha kusema leo pale kwenye ungo. Nikabonyeza.

Nilipofika nyumbani nilisimama uani muda, nafikiri kama nikusanye vitu vyangu. Alikuwa jikoni. Aliniita ndani kwa jina, kama kawaida, akaniuliza kama tayari wamelitoa jina lake.

"Limetoka, Mama."

"Nani kalitoa?"

Nikasema, "Mimi."

Alikuwa ameshika mwiko. Aligeuza ugali mara moja, mara ya pili, akaukandamiza ukingoni mwa sufuria. "Ulihakikisha limetoka lote? Isije kuwa umeacha ganda, mtu akaandikia mambo yake kwa jina langu."

"Lote."

"Haya," akasema. "Nawa mikono."